MREJESHO: Kufundisha afya na mazingira ya kisiwani kwa wanafunzi wa Dodoma

Ndugu zangu, niliomba ushauri wa namna ya kuwafundisha wanafunzi wa darasa la nne hapa Dodoma usafi wa mwili pamoja na mazingira ya kisiwani, ilhali wengi wao hawajawahi kuiona bahari. Nawashukuru nyote, hasa mwalimu wa Unguja aliyenishauri nianze na maji badala ya samaki.

Nilitumia mfano wa Chumbe, kisiwa kidogo karibu na Unguja kisicho na chanzo cha maji baridi, ambako maji ya mvua huvunwa kwenye mapaa ya nyumba za wageni na vyoo hugeuza kinyesi kuwa mboji bila kutumia maji. Wanafunzi walielewa upesi, kwa kuwa mvua zetu nasi ni za Desemba hadi Aprili tu.

Kisha tulitengeneza kibuyu chirizi kwa dumu la lita 5, kamba na kijiti cha kukanyagia, na kila mtoto akanawa mikono na uso kwa sabuni. Uso niliukazia zaidi, maana trakoma, ugonjwa wa macho ulioutesa mkoa wetu kwa miaka mingi, hususan Kongwa, huenezwa na mikono, vitambaa na inzi wanaofuata tongotongo. Binti mmoja aliuliza kama ni vibaya wadogo zake wote kufutwa macho kwa upande mmoja wa kanga. Swali hilo nitalipeleka kwenye kikao cha wazazi. Mwenye uzoefu wa kulizungumza bila kumwaibisha mama yeyote, naomba anielekeze.