Bushi ya distributa imelika, nyie mnabadilisha platini tu!

Wadau, huu upuuzi wa kuuziana platini kila mwezi kwa magari ya zamani utaisha lini? Injini inamisi (inakatakata) ikiwa silensa, yaani bila kukanyagwa mafuta, fundi anafungua kifuniko cha distributa, kile kifaa kinachogawa cheche kwa silinda, anaona platini, vile vidude viwili vinavyofunguka na kujifunga kukata umeme wa koili, zimeungua, anafunga mpya, anapokea hela. Wiki mbili haziishi, ugonjwa uleule. Leo anasingiziwa kondensa, kesho koili, keshokutwa mafuta machafu. Na hakuna hata mmoja aliyeshika shafti akaitikisa!

Itikiseni basi. Toa rota (kile kipande kinachozunguka juu ya shafti), shika ncha ya shafti kwa vidole viwili, sukuma kushoto na kulia. Kupanda na kushuka kidogo si neno, ila ikicheza pembeni, bushi, ile pete ya shaba inayoshika shafti, imekwisha. Kwenye Lucas 25D, distributa ya magari mengi ya zamani ya Kiingereza, pengo la platini ni milimita 0.35 hadi 0.40. Shafti ikiwa inayumba milimita 0.2, hiyo 0.35 uliyoipima kwa fila (kibati cha kupimia pengo) kwa mbwembwe zote ni ya nini? Tena msijidanganye kwa kuzungusha injini taratibu na kupima: springi ya platini inaisukuma shafti upande mmoja muda wote, kwa hiyo kipimo kinaonekana kizuri. Isukume shafti kwa kidole kuelekea platini, halafu irudishe, uone pengo likifunguka na kujifunga mbele ya macho yako. Ukikuta kila pembe ya kemu (sehemu ya shafti inayofungua platini) ina pengo lake na shafti haichezi, hapo shafti imepinda au kemu imelika, na bushi mpya haitasaidia chochote.

Mwenye mita ya dweli (inayopima platini zinakaa zimefunga kwa nyuzi ngapi) achomoe kwanza bomba la vakyumu la distributa, apime silensa, kisha apandishe resi. 25D ya silinda nne inataka nyuzi 60, zaidi au pungufu 3. Sindano ikitangatanga kupita hapo, jibu mnalo.

Sasa wale wanaobadilisha bushi, na wao ni balaa jingine. Bushi hii ni ya shaba iliyoshindiliwa kutokana na unga, ina vitundu vidogo vinavyohifadhi oili. Inalowekwa kwenye oili nyepesi ya injini saa 24, au saa 2 kwenye oili ya moto wa nyuzi 100. Watu wanaichukua kavu kwenye pakiti, wanaigonga kwa nyundo, ikibana wanapitisha rima (kifaa cha kupanua tundu)! Rima inaziba vile vitundu, bushi inabaki kavu, inakula shafti. Isukumeni ndani kwa vaisi, na katikati iwe na chuma laini kilichosuguliwa chenye kipenyo cha shafti, itoke na saizi yake. Na kabla ya hapo pitisha ukucha kwenye shafti: ukikwama kwenye mfereji, shafti nayo ni ya kutupa.

Kabla ya kugonga pini ya chini ili kutoa shafti, weka alama. Ule ulimi unaoingia kwenye injini haujakaa katikati, umeegemea upande mmoja. Ukiurudisha kinyume, cheche inapigwa nyuzi 180 nje ya mahali pake, gari linakohoa kupitia kabureta, kisha mnaanza kumtafuta mchawi kwenye koili.

Springi mbili za vile vyuma vya adivansi (vinavyowahisha cheche resi ikipanda), kwenye Lucas nyingi, hazilingani. Ile nene imelegea kwa makusudi ili ianze kazi resi ikiwa juu. Nani aliwaambia muikaze?

Oili nayo: matone mawili matatu juu ya skrubu iliyo chini ya rota, grisi ya kupaka tu kwenye kemu, na platini zibaki kavu kabisa.

Na nyie wa “funga elektroniki uachane na platini”, kile kihisio kinasoma shafti ileile inayoyumba. Kumisi kunaweza kupungua, lakini taiming (wakati wa kupiga cheche) bado inatangatanga.

Kinachokera zaidi ni hizi distributa “zilizokarabatiwa”. Rangi mpya, kifuniko kipya, ndani bushi ya zamani. Nyonya bomba la vakyumu, uzibe kwa ulimi: ikiachia hapohapo, daiframu (ngozi ya ndani ya kopo la vakyumu) imepasuka. Mnaoziuza, andikeni kwenye boksi shafti inacheza milimita ngapi. Rangi hatujaiulizia.