Doa jeusi kwenye kisigino cha mume wangu: la kuliacha au la kukimbilia hospitali?

Mama Biira, Mpondwe

Salaam ndugu zangu. Mume wangu alikuwa askari, sasa amestaafu, tunauza mchele hapa mpakani. Kwenye kisigino cha kulia ana doa jeusi. Lilianza dogo sana, akasema ni sugu ya buti. Sasa limetambaa. Upande mmoja ni jeusi tititi, upande mwingine kahawia, na ukingo wake umekwenda kombo. Haliumi, ila juzi nilipofua soksi zake nikakuta damu. Yeye anasema kisichouma si ugonjwa. Kuna mtu wa dawa za miti upande wa Kasindi ameahidi kulikata kwa wembe na kupaka unga wake. Mimi mwenyewe nina vipele vyeusi vingi mashavuni, kama alivyokuwa navyo mama yangu, na alama moja nyeusi mgongoni tangu utotoni. Lipi la kuogopa hapo?

Baba Muhindo, Kasese

Pole mama. Wembe usikubali kabisa. Jirani yetu alikatwa doa la unyayoni namna hiyo, kidonda kikakataa kupona, kisha mtoki ukavimba. Alipofikishwa hospitali ugonjwa ulikuwa umeshasambaa. Tulimzika.

Muuguzi wa ngozi, Mbarara

Mama Biira, nakuomba usome hadi mwisho, na mzee umsomee.

Vipele vya mashavuni viache. Sisi watu weusi tunavyo sana, hurithiwa katika familia, huongezeka kadiri umri unavyokwenda, na havigeuki kansa. Alama ya mgongoni, kama bado ina rangi moja, ukingo wake umenyooka na haijabadilika tangu utotoni, nayo haina neno. Mwambie Biira aiangalie mara mojamoja, kwa kuwa wewe mgongo wako huuoni.

Kisigino ndicho kinachonitia wasiwasi. Doa la kutiliwa shaka huwa nusu yake haifanani na nusu nyingine, ukingo umechongokachongoka, rangi zimechanganyika, upana umepita milimita 6, yaani kama kifutio cha nyuma ya penseli, na kubwa kuliko yote, linabadilika. Hayo karibu yote umeyataja mwenyewe, tena ukaongeza damu. Maumivu si kipimo. Kansa hii, inayoitwa melanoma, inaweza kukua muda mrefu bila kuuma.

Watu hudhani ni ugonjwa wa wazungu wanaoungua jua. Kweli kwetu ni nadra, lakini ikija hupenda nyayo, viganja na chini ya kucha. Huko haisababishwi na jua, kwa hiyo weusi wetu hautukingi. Na unyayo nani anauangalia? Bob Marley alionekana nayo mwaka 1977, chini ya ukucha wa dole gumba la mguu, mahali palipodhaniwa ni jeraha la mpira. Alifariki mwaka 1981 akiwa na miaka 36.

Sasa kuhusu wembe. Uzito wa melanoma hupimwa kwa jinsi ilivyozama ndani ya ngozi. Ikiwa haijafika milimita 1, mara nyingi daktari huikata pamoja na ngozi kidogo ya pembeni isiyo na ugonjwa na mtu akapona. Ikipita milimita 4 hatari ni kubwa mno. Mtu wa wembe huacha mizizi ndani, halafu nyama aliyoikata anaitupa, na ile nyama ndiyo pekee ingetuambia ugonjwa umefika wapi. Inaniuma sana kila nikimpokea mgonjwa aliyepitia huko kwanza.

Sisemi mzee ana kansa. Chunjua ya unyayo huwa na vidoti vyeusi, damu ya kugonga jiwe hutia weusi, na kuna Kaposi, kansa ya aina nyingine ambayo hapa Uganda tunaijua vizuri, inayoleta mabaka ya zambarau au meusi miguuni. Kwa macho tu hata mimi sithubutu kukata shauri. Maabara ndiyo inayojua.

Dereva, Malaba

Musawo, na mimi nina swali. Jeki iliniangukia mguuni, ukucha wa dole gumba ukawa mweusi. Ni huohuo ugonjwa?

Muuguzi wa ngozi, Mbarara

Kaka, damu iliyoganda husogea mbele pamoja na ukucha, na nyuma yake huota ukucha safi. Ukucha wa dole gumba la mguu huchukua mwaka hadi mwaka na nusu kujibadilisha wote, kwa hiyo vumilia. Weusi ukibaki palepale, mstari ukipanuka, au rangi ikimwagikia ngozi ya pembeni ya ukucha, nenda hospitali. Mistari myembamba ya kahawia kwenye kucha kadhaa ni kawaida kwetu.

Mama Biira, Mpondwe

Asante sana, musawo. Nimemsomea, nilipofika pale pa jirani yake Baba Muhindo mume wangu akanyamaza, kisha akasema twende. Tutapita hospitali ya Bwera kuchukua barua ya rufaa tuje Mbarara. Tukifika tuseme nini?

Muuguzi wa ngozi, Mbarara

Mungu awatangulie. Semeni lilianza lini, limekuaje, na lini lilitoa damu. Leo hii lipige picha kwa simu ukiweka rula pembeni, daktari atataka kuona mwendo wake. Mwombeni akague kinena kama kuna mtoki. Doa likatwe kwa sindano ya ganzi, lote au kipande, na ulizeni waziwazi: "Nyama hii inapelekwa maabara?" Msiondoke bila kujua majibu yatatoka lini na mtayachukua kwa nani. Ikithibitika ni melanoma, karatasi ya majibu lazima ionyeshe kina kwa milimita. Toeni nakala, maana mkipelekwa Taasisi ya Saratani ya Uganda kule Mulago wataiulizia.

Kwa sasa lioshe kwa maji safi na sabuni, funika kwa bandeji safi, usipake dawa yoyote ya miti. Na jioni akivua viatu, mkague mguu wa pili pia, hadi katikati ya vidole.