Mtwara hadi Guangzhou ni masaa mangapi hewani? Ushauri wa haraka

Mjomba wa Shangani: Wakuu, habari za jioni. Jumapili naenda Guangzhou kufuata mzigo. Naiangalia tiketi hapa: Dar natoka saa 1 usiku, nafika saa 5 asubuhi. Si masaa 16 hayo? Mgongo wangu mbovu. Na kutoka Mtwara ni kilomita ngapi? Usingizi sipati.

Kiti cha Dirishani: Si 16. China wametutangulia masaa 5, hewani ni kama 11. Dar–Guangzhou takriban kilomita 8,700. Mtwara–Dar kwa ndege ni 400 hivi, saa moja na ushee. Sasa mkuu, usingizi unakosa kwa mgongo tu?

Mama Nazi: Chagua kiti cha njiani. Mimi nilipokwenda hija nilikaa dirishani, jirani kalala mdomo wazi mpaka Jedda, namwonea haya kumwamsha nikajisaidie. Nilishuka nimevimba miguu.

Kiti cha Dirishani: Mtwara unatoka lini? Tiketi moja au mbili?

Mjomba wa Shangani: Jumapili hiyo hiyo, natua Dar saa 11:20 jioni. Tiketi mbili, kampuni tofauti. Saa moja na dakika 40 si inatosha?

Kiti cha Dirishani: Ulikuwa unaficha hili! Haitoshi. Kaunta za safari za nje hufungwa kama saa nzima kabla ya ndege kuruka, maana yake saa 12. Hapo usubiri begi, utoke, utafute gari la kukupeleka Terminal 3. Ya Mtwara ikichelewa nusu saa umekwisha, na kampuni ya pili haikudai wala huidai. Nenda Jumamosi.

Mjomba wa Shangani: Jumamosi haiwezekani. Binti wa dada yangu anatolewa unyagoni Jumapili asubuhi, na mjomba mtu ni mimi. Halafu nimeshalipa. Ndege ile huwa haichelewi, nina kijana wangu pale uwanjani.

Mzee wa Mikindani: Hapo umesema. Mwali atolewe mjomba hayupo? Mzigo utausubiri.

Dereva Mstaafu: Vijana mnadekezwa na ndege. Sisi kabla ya Daraja la Mkapa Rufiji tulivuka kwa kivuko. Na Mei 2024 Kimbunga Hidaya kilipokata barabara, tulilala Somanga ndani ya basi, kuna mama na kuku wake wawili chini ya kiti changu, usiku kucha wananidonoa kisigino.

Mchokonozi: Hii chai. Mwezi wa tatu, mvua zinamwagika, wanafunzi wako darasani. Unyago gani wa masika?

Mama Nazi: Hee! Kweli jamani.

Mjomba wa Shangani: Kwani lazima likizo? Huyu kashamaliza shule, na bibi yake anaumwa, anataka amwone akitolewa.

Mchokonozi: Weka picha ya tiketi, ficha jina.

Mjomba wa Shangani: Tiketi iko kwa wakala.

Mchokonozi: Si ulisema unaiangalia hapo? 😂😂

Mzee wa Mikindani: Mwacheni mtoto wa watu, mambo ya ukoo hayapigwi picha.

Kiti cha Dirishani: Chai au maziwa, jibu ni lile lile: sogeza ya Guangzhou mpaka Jumatatu, lipia mabadiliko. Ni nafuu kuliko kununua upya.

Mjomba wa Shangani: Nitaongea na yule kijana wa uwanjani kwanza.

Bibi Korosho: Mjomba, ukifika niulizie bei ya mashine ya kubangulia korosho, ndogo ya nyumbani. Usipofika pia nijulishe.