Mrejesho: bosi aliyetaka nipunje kilo

Bwana Yesu asifiwe wapendwa. Niliwauliza nifanyeje, bosi wa duka la nafaka anataka nipunje wateja kwenye mizani na mimi nimeokoka. Wengi mlisema niache kazi. Sijaacha, kodi ya nyumba hailipwi kwa maombi tu. Nilimfuata yule mama aliyenitajia Mithali 11:1 (mizani ya hadaa ni chukizo kwa Bwana), akasema niongee na bosi faragha, bila mahubiri. Nikamwambia: mimi napima kilo kamili, na Wakala wa Vipimo wakikuta mizani imechezewa, msala ni wako. Alininunia wiki nzima (na huyo bosi kwenye kwaya anaimba besi!). Sasa kanihamishia stoo, mshahara uleule. Mizani kampa kijana mgeni. Huyo ndiye ananikosesha usingizi. Tunapanda daladala moja jioni, nimeanza kuongea naye.