Msaada wa haraka: "overfly" ni kufanya nini hasa? Mteja anasubiri jibu

Kamera Njiro: Wakuu, heshima zenu. Hili neno la Kiingereza, overfly, likitumika kwenye mambo ya kiofisi lina maana gani? Kuna mteja kaniuliza kama tuna kibali cha ku-overfly eneo fulani. Kamusi inasema ni kuruka juu ya kitu. Sasa kama ni hivyo tu, kibali cha nini? Tangu asubuhi naiangalia simu, sijamjibu la maana.

Bwana Tikiti: Si ile flyover ya Mfugale pale TAZARA? Haina kibali ile, panda na bodaboda yako.

Mwalimu Mstaafu: Tuache utani. Kwenye maongezi ya kawaida Mwingereza husema fly over, awe kunguru au mpira. Overfly ni ya makaratasi: chombo kinapita juu ya nchi au eneo. Wakati uliopita ni overflew, halafu kuna overflown. Usije ukaandika overflowed, utakuwa umesema ndege imefurika kama Jangwani msimu wa masika. Na kibali kinatokana na Mkataba wa Chicago wa 1944, kwamba kila nchi ina mamlaka juu ya anga yake. Ndege inaweza kupita bila kumshusha hata abiria mmoja na bado ikalipa tozo. Enzi zangu darasa zima liliandika overflied, nikawarudishia madaftari yote.

Mama Wawili: Eneo gani, na chombo gani? Mbona unazungukazunguka?

Kamera Njiro: Ni mbugani. Chombo cha kawaida tu.

Mama Wawili: Cha kawaida ndiyo nini? Una ndege wewe?

Kamera Njiro: Droni. Lakini ndogo jamani, gramu 249, inaingia mfuko wa koti. Ni Tarangire, kupiga tembo kutoka juu. Mimi naona hiyo si ndege, kwa hiyo nilishamwambia mteja asiwe na wasiwasi. Advansi imeingia, nusu nimempa dereva, na dereva harudishi.

Bwana Tikiti: Kupiga tembo au kupiga picha? Fafanua kabla askari wa wanyamapori hawajausoma huu uzi.

Jirani wa KIA: Iwe nyepesi kama unyoya, ikiruka ni chombo cha anga. Nenda TCAA, mamlaka ya usafiri wa anga, na hifadhini lazima TANAPA waridhie. Mimi yangu ilizuiwa uwanjani nchi jirani. Ofisa kaitoa kwenye begi, kahesabu betri mojamoja, kaniandikia karatasi, nikaikuta siku ya kuondoka. Harusi ya shemeji tukaipiga kwa simu, bibi harusi hana kichwa nusu ya video. Mpaka leo ukweni sisemeshwi vizuri.

Ustaadhi Mpole: Vijana mnapenda hela ya haraka. Halafu huko huko ukanda wa Tarangire droni zimetumika kuwafukuza tembo mashambani, wakisikia ule mlio wanatimka kama wamevamiwa na nyuki. Wewe unategemea watakaa wapozi?

Kamera Njiro: Nitairusha juu sana, hawatasikia. Na mbona wengi wanarusha, video zimejaa mtandaoni?

Mchunguzi Huru: Subirini kwanza. Mteja anayejua kuuliza kibali anatoa hela kwa kuambiwa asiwe na wasiwasi? Na huyu huyu mwezi wa nne alifungua uzi wa kuuliza bei ya bajaji, akasema anakaa Mbagala na Arusha hajawahi kufika. Hii chai, tena ya tangawizi.

Kamera Njiro: Ule uzi aliandika shemeji yangu, nilimwazima akaunti. Bajaji inaingiaje hapa?

Mama Wawili: Yaani shemeji wa Mbagala aliandika kwa jina la Kamera Njiro. Haya.

Mwalimu Mstaafu: Chai au si chai, swali la lugha limejibiwa.

Bwana Tikiti: Safari ikifa, hiyo droni bei gani?

Kamera Njiro: Ina betri mbili na chaja yake, haijachubuka popote. Njoo inboksi.