INA219 au INA226 kwa betri za sola? Nataka kuagiza wiki hii

fundi_langoni
Salama wakuu. Naagiza chipu ya kupima betri za sola za madrasa hapa Langoni, Lamu, Raspberry Pi (kompyuta ndogo ya Linux) ya kuifunga ipo tayari. Niko kati ya INA219 na INA226. Halafu mwalimu mkuu ataka karatasi ya maelezo, draiva (programu ya Linux isomayo chipu) yasomaje na namba zile ni nini, ili nikisafiri wasihangaike. Mwasemaje?

malindi_sola
Betri volti ngapi? Mzigo ampea ngapi? Yakhe watuuliza gizani.

mwana_shela
226 tu, funga mjadala. Biti 16, ile nyingine 12, yaani yapima kwa vipande vidogo zaidi.

fundi_langoni
Volti 24, betri mbili za 12 zimeungwa kwa mfululizo.

malindi_sola
Basi 219 itoe kabisa. Mwisho wake volti 26, na betri za 24 zikichajiwa jua la mchana zafika 28 na zaidi. 226 yabeba mpaka 36. Ampea hujajibu.

kipungani_tech
Kabla hujalipa ngoja nikwambie yaliyompata ami yangu na mtambo wake wa intaneti ya Wi-Fi pale karibu na gati, fundi mmoja alimfungia 219 yenye ile shanti ndogo (kikinzani ambacho mkondo wapitia ili upimwe) iloandikwa R100 akalipwa akaenda zake, hakuandika popote kitu chochote, sasa draiva ya ina2xx usipoiambia huchukulia shanti ni mikroomu 10,000 na R100 ni 100,000, kwa hivyo ukifungua faili ya mkondo, curr1_input, wakuta miliampea 6000 yaani ampea 6, ile ya nguvu, power1_input, nayo 72000000 maana wati huandikwa kwa mikrowati, ami akaona lo, ruta yala wati 72! Kumbe saba na kitu. Akanunua betri ya pili, ikavushwa kutoka Mokowe kwa boti, ikapandishwa punda mpaka mlangoni, ilipofungwa namba ile ile. Kijana mmoja wa chuo akaja likizo akasoma R100 kwenye bodi, akaandika 100000 kwenye faili ya shunt_resistor, ikashuka mpaka 600. Betri ile mpaka leo ami aikalia akinywa kahawa.

mwana_shela
😂😂 fundi gani huyo, mtaje

kipungani_tech
Sitaji mtu.

malindi_sola
Na 226 ina mtego wake na hiyo R100. Upande wa shanti yaishia milivolti 81.92, kwa hivyo ampea 0.8 umefika mwisho. Itoe R100, weka shanti ya nje ya 50A/75mV, hiyo ni miliomu 1.5, kwenye shunt_resistor waandika 1500. Pi ikizimwa hiyo namba yapotea, afadhali iwekwe kwenye divaisi trii, ile orodha ya vifaa ambayo Linux huisoma Pi ikiwashwa.

kodi_na_bahari
Mbona mwajitesa na Linux, chukua ESP32 (chipu ndogo yenye Wi-Fi) na programu yake ya ESPHome, saa moja umemaliza.

mwana_shela
Kila uzi wewe na ESP32 yako. Amesema Pi ipo.

malindi_sola
Kuhusu maelezo, fuata mpangilio wa kerneli yenyewe (kiini cha Linux), folda ya Documentation/hwmon ya maelezo ya vipimo, faili ya ina2xx. Chipu gani, anwani gani, yaani namba ambayo Pi huiitia (hizi huanzia 0x40), kisha faili moja moja na kipimo chake. Andika kwa herufi kubwa kwamba in0 ni volti ya shanti na in1 ndiyo ya betri, zote milivolti, watu huzichanganya kila siku. Na usimwandikie mwalimu "fungua hwmon2", hilo ni jina la folda ya chipu na ukiwasha upya huenda ikawa hwmon0. Mwambie asome kwanza faili ya name iliyo ndani, ndiyo yenye jina la chipu. Thamani ya shanti iandikwe kwenye karatasi NA kwenye kasha kwa kalamu ya wino.

bi_mkomani
Hakuna aliyetaja chumvi? Hewa ya hapa pini za shaba zaota kijani upesi. Mie hupaka rangi ya kucha.

kodi_na_bahari
Rangi ya kucha hupasuka kwa joto, tumia vanishi ya bodi.

bi_mkomani
Yangu haijapasuka na iko juu ya bati. Wewe umejaribu au umesoma tu?

kodi_na_bahari
Nimesoma, lakini

malindi_sola
@fundi_langoni AMPEA.

fundi_langoni
Sijapima. Taa, feni sita, na jokofu la maji.

malindi_sola
Jokofu! La DC, moja kwa moja kwenye betri, au lapitia inveta (kigeuza umeme wa betri kuwa AC)? Maana kompresa ikianza kuvuta, hiyo shanti ya 50 niliyokwambia sidhani yatosha.