Mmea mdogo wenye matone ya kunata kando ya majaruba ya mpunga: je, unaweza kuoteshwa shuleni?

Mwalimu wa Nachingwea

Ndugu wanajukwaa, salaam.

Ninafundisha biolojia katika shule moja ya sekondari mkoani Lindi. Kando ya majaruba ya mpunga yaliyo bondeni, mahali ambapo mchanga mweupe hubaki umelowa hata mvua ikikatika kwa siku kadhaa, nimekuta mmea ambao sijawahi kuuona katika bustani yoyote. Shina lake ni jembamba, limesimama kiasi cha shubiri moja, na majani yake ni marefu na membamba mno. Kila jani limejaa vinyweleo vyekundu, na kila kinyweleo kimebeba nchani tone la ute linalong'aa hata saa saba mchana, wakati umande wa nyasi za jirani umeshakauka zamani. Nilipogusa tone moja kwa kijiti, ute ulivutika ukawa uzi mrefu kabla ya kukatika. Kwenye jani la chini walikuwa wamenasa sisimizi wenye mabawa na mbu wadogo, pamoja na nzi mmoja aliyekuwa bado anatikisa mguu, na vinyweleo vya pembeni vilikuwa vimeshaanza kumwinamia. Maua yake ni ya rangi ya waridi, yenye petali tano.

Hatua chache kutoka hapo, ndani ya maji yaliyotuama, kuna vijiua vya njano vilivyosimama juu ya maji bila jani lolote kuonekana.

Kabla sijang'oa chochote naomba msaada wenu. Huu ni mmea gani, kwa nini umechagua mahali pale tu na si shambani penye rutuba, na je, naweza kuuotesha shuleni ili wanafunzi wauone kwa macho yao badala ya kuusoma kwenye picha?

Kitalu cha Newala

Mwalimu, umefanya jambo la maana sana kuuliza kwanza. Kwa maelezo yako, yaani shina lililosimama, majani membamba yasiyo na sehemu pana nchani na maua ya waridi, huo kwa kila dalili ni Drosera indica, mmea wa msimu unaopatikana katika sehemu nyingi za joto za Afrika na Asia, na ambao hupenda mno mchanga unaolowa masika na kukauka kiangazi. Tanzania ina ndugu zake pia. Yupo Drosera madagascariensis, ambao ukiuona utautofautisha kwa urahisi kwa sababu jani lake lina kikonyo na nchani limepanuka, na huo huishi zaidi ya mwaka mmoja ikiwa unyevu haukatiki. Jenasi nzima ya Drosera ina spishi zaidi ya 200 duniani.

Vijiua vya njano majini ni vya utrikularia, jamii nyingine kabisa ya mimea inayokula wadudu. Huo usiuache, kwa maana ni wa ajabu kuliko hata huu uliokuvutia. Chini ya maji una vifuko vidogo sana ambavyo husukuma maji nje na kubaki vimebonyea, na mdudu mdogo wa majini akigusa vinyweleo vya mlangoni, mlango hufunguka, maji hufyonzwa ndani pamoja naye, na mlango hujifunga, yote hayo kwa sehemu ndogo sana ya sekunde. Chota maji kidogo pamoja na nyuzi zake, weka kwenye sahani nyeupe, na mpe kila mwanafunzi kioo cha kukuzia.

Sasa kuhusu swali lako la rutuba, ambalo ndilo kiini cha mambo yote. Drosera hujitengenezea chakula kwa mwanga wa jua kama mimea mingine, kwa hiyo mdudu si chakula chake cha nguvu. Anachompa ni naitrojeni na fosforasi, yaani vile vitu ambavyo mchanga ule uliooshwa na maji miaka na miaka hauna. Ute hunasa, vinyweleo huinama, tezi hutoa vimeng'enya vinavyoyeyusha sehemu laini za mdudu, kisha jani hunyonya. Kwenye shamba lenye samadi nyasi zingeukulia juu na kuuziba jua ndani ya wiki chache, maana ni mmea mfupi wenye mizizi dhaifu usioweza kushindana na yeyote. Mahali maskini ndipo penye nafasi yake.

Charles Darwin aliufanyia majaribio ndugu yake wa Ulaya, Drosera rotundifolia, na mwaka 1875 akachapisha matokeo yake. Aligundua kwamba kipande cha unywele chenye uzito usiofika sehemu moja ya elfu ya miligramu kinatosha kukiinamisha kinyweleo, ilhali matone ya mvua yanayopiga jani hayasababishi lolote. Jaribu hilo na wanafunzi wako.

Bustani Shangani

Nakubaliana na ndugu wa Newala, nami niongezee upande wa utunzaji, kwa sababu hapa pwani ya Mtwara na Lindi mmea huu hufa kwa huduma nzuri zaidi kuliko unavyokufa kwa kusahauliwa.

Jambo la kwanza na la mwisho ni maji. Visima vyetu vingi vya pwani vimechimbwa kwenye mawe ya matumbawe, na maji yake yana chokaa, mengine yana chumvi waziwazi. Kama birika la nyumbani linaota ukoko mweupe ndani, au sabuni haitoi povu, maji hayo usiyamwagie drosera hata siku moja. Chokaa na chumvi hubaki kwenye udongo kila maji yanapokauka, hujikusanya kidogo kidogo, na mmea hupoteza matone, kisha majani, kisha mzizi. Wenye kifaa cha kupima chumvi za maji hulenga chini ya miligramu 50 kwa lita. Asiye nacho atumie maji ya mvua tu, akiacha mvua za kwanza zioshe vumbi la bati ndipo aanze kukinga. Wenzetu wa nyanda za juu za Makonde, ambao kwa uhaba wa vijito wamezoea kuvuna mvua, waangalie kitu kimoja: tangi la saruji, hasa lililojengwa karibuni, huyatia maji chokaa. Kinga kwenye pipa au tangi la plastiki. Maji yanayodondoka kwenye kiyoyozi cha ofisi pia yanafaa, mradi yakingwe kwenye chombo safi. Yale yanayouzwa kwa jina la maji ya betri nisingeyagusa, kwa sababu chini ya jina hilo huuzwa pia asidi, na makosa ya chupa yanaweza kumuunguza mtoto.

Udongo nao uwe maskini kama ule wa kule bondeni. Mchanga wa pwani haufai, una chumvi na vipande vya magamba. Chukua mchanga wa mtoni, uoshe mpaka maji yatoke safi, kisha kamulia ndimu kwenye kiganja kimoja cha mchanga huo. Ukiona povu dogo linachemka, una chokaa, utafute mwingine. Ili ushike unyevu, changanya na makumbi ya nazi yaliyopondwa, lakini hapa nasisitiza: yasiwe yale yaliyofukiwa ufukweni ili kutoa usumba, kwa kuwa yamelowa maji ya bahari hadi ndani. Chukua makumbi makavu ya shambani, yaloweke kwenye maji ya mvua, mwaga, rudia mara kadhaa. Usitie samadi, mboji wala mbolea ya dukani, hata chembe.

Chombo kiwe cha plastiki, kwa mfano dumu lililokatwa na kutobolewa chini. Chungu cha udongo hukusanya chumvi kwenye kuta zake, na cha saruji ni hatari kabisa. Kiweke ndani ya beseni lenye maji yenye kina cha sentimita moja au mbili, juani, mahali penye upepo na wadudu. Nyama, wali au mayai usiyaweke juu ya jani, yataoza na kuliua.

Jambo moja la huku kwetu tu: kama shule imezungukwa na mikorosho, uvihamishe vyombo au uvifunike saa za kupulizia salfa, ule unga wa dawa ya ukungu. Unga wowote unaotua juu ya majani hunasa kwenye ute kama wadudu wanavyonasa, na jani lililojaa unga halina kazi tena.

Fundi wa Ligula

Naomba kuuliza ndani ya mada hiyohiyo. Mtandaoni wanauza mbegu za ule mmea wenye majani yanayofunga kama mtego. Je, si rahisi kununua huo kuliko kuhangaika bondeni?

Kitalu cha Newala

Ndugu Fundi, huo ni Dionaea muscipula, na kwao ni sehemu ndogo tu ya majimbo ya North Carolina na South Carolina huko Marekani. Mtego wake hufunga pale vinyweleo vyake vinapoguswa mara mbili ndani ya sekunde 20 hivi, na ni kweli unapendeza. Tatizo ni kwamba umezoea majira ya baridi ambamo hulala kwa miezi kadhaa, na usipolala mwaka hadi mwaka hudhoofika. Mtwara hatuna baridi ya kuulaza. Isitoshe, kuingiza mimea na mbegu kutoka nje kunahitaji kibali cha Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu. Kwa nini tuhangaike na mgeni atakayeteseka wakati wetu umezaliwa na joto hili?

Mwalimu wa Nachingwea

Nawashukuru sana. Nimebakiwa na maswali mawili. Je, nihamishe mche mmoja au nichukue mbegu? Na kama ni mmea wa msimu, mwezi wa saba nitakuwa na nini cha kuwaonyesha wanafunzi?

Mkulima wa Rondo

Mwalimu, usihamishe. Mizizi ya Drosera indica ni michache na haipendi kusumbuliwa, na mche uliong'olewa ukiwa na maua mara nyingi hunyauka kabla haujazoea. Omba ruhusa kwa mwenye jaruba, na ikiwa eneo ni la hifadhi ya msitu omba kibali, kisha subiri vifuko vya mbegu viwe vya kahawia mwishoni mwa masika. Ua hujichavusha lenyewe, hivyo mbegu zitakuwapo. Kata vifuko vichache tu kutoka mimea mbalimbali, vingine viache vidondoke pale pale, kwa maana mmea wa msimu hauna akiba nyingine ila mbegu zake. Zitunze kavu ndani ya bahasha ya karatasi.

Mwezi wa saba hutakuwa na kitu, na hilo ni sawa, kwa sababu hata bondeni hakutakuwa na kitu. Mvua za Desemba zikianza, nyunyiza mbegu juu ya mchanga uliolowa bila kuzifukia, kwani ni ndogo kama vumbi na zinahitaji mwanga ili ziote. Ukitaka cha kuonyesha mwaka mzima, tafuta Drosera madagascariensis, ambao jani lake likikatwa pamoja na kikonyo na kulazwa juu ya mchanga wenye unyevu huweza kutoa miche.

Kwa somo, napendekeza jaribio alilolifanya Francis, mwana wa Darwin, na kulichapisha mwaka 1878. Alilisha baadhi ya drosera nyama kidogo kidogo na nyingine akazinyima, na tofauti kubwa ilionekana kwenye mbegu: zilizolishwa zilizaa nyingi zaidi. Wewe huna haja ya nyama. Funika vyombo vya kundi la kwanza kwa chandarua hadi chini, na vya kundi la pili vifunike juu tu, ubavuni wazi, ili kivuli kiwe sawa kwa yote mawili. Chandarua kiwe kisichotiwa dawa, maana kilichotiwa dawa kitafukuza au kuua wadudu hata upande ulioachwa wazi, na hapo wanafunzi watahesabu vifuko vya mbegu bila kujua wamepima njaa au wamepima dawa.